Mhasibu, milioni 2.6 na darasa la programu

Julai 2024, Jumapili jioni, alinipigia simu dada mmoja ambaye ni mhasibu wa shule ya sekondari ya binafsi mjini Morogoro. Baada ya "shikamoo kaka" na habari za watoto, akaingia kwenye jambo lenyewe. Ameona tangazo la darasa la kujifunza kuandika programu za kompyuta, Dar es Salaam. Miezi sita, kutwa, Jumatatu hadi Ijumaa, ada shilingi 2,600,000. Ukilipa nusu kabla ya mwezi kuisha, nafasi yako inashikiliwa. "Nilipe, au niache?"

Swali hili naulizwa mara nyingi, kwa sababu ndugu na jamaa wanajua kwamba mimi mwenyewe nilitoka kaunta ya benki nikaingia kwenye programu mwaka 2011. Wengi huniuliza wakiwa wameshaamua, wanataka tu baraka. Huyu hakuwa ameamua. Alikuwa na woga wa kweli, na ndiyo maana nimeona kisa chake kinafaa kuchambuliwa chote, pamoja na sehemu ambayo mimi nilimshauri vibaya.

Hali yake ilikuwa hivi. Ana miaka 36, watoto wawili, mdogo yuko darasa la pili. Mume ni fundi umeme, kazi zake ni za kuitwa: mwezi mmoja zinajaa, mwezi mwingine hakuna simu inayolia. Yeye mshahara wake mkononi ni 750,000, na huo ndio unaojulikana tarehe. Akiba yake yote ilikuwa 3,800,000, na katika hizo 1,400,000 zilikuwa kwenye kikoba ambacho kingevunjwa Desemba. Uhasibu ameufanya miaka 11.

Nikamuuliza kwa nini anataka kuondoka. Jibu la kwanza lilikuwa lile la kila mtu: vijana wa kompyuta wanalipwa vizuri, wanafanyia kazi nyumbani. Nikanyamaza kidogo. Ndipo akaeleza la pili, na hilo lilikuwa la kweli zaidi.

Kila muhula unapofunguliwa, anachukua stetimenti ya benki na orodha ya wanafunzi 612 na kulinganisha nani amelipa na nani bado. Mzazi anatuma kupitia wakala, kwenye maelezo anaandika "ADA YA NEEMA". Kidato cha pili kina akina Neema watatu. Namba ya simu iliyotuma ni ya wakala, au ya mjomba aliye Songea, au ya mama aliyeazima simu ya jirani. Mwingine analipa mara moja kwa watoto wawili, kiasi ambacho hakifanani na ada ya mtoto yeyote. Yeye anachapisha karatasi zote, anaweka rula chini ya mstari, anaweka alama kwa kalamu ya kijani. Anaanza Ijumaa baada ya kazi, anamaliza Jumapili usiku, na Jumatatu mkuu wa shule anataka majina ya wa kurudishwa nyumbani. "Kaka, kuna mtoto nilimrudisha na kumbe baba yake alishalipa. Alisimama pale getini na sanduku lake. Sijasahau."

Nilipolisikia hilo nikajua kwamba nina mtu ambaye tayari ana tatizo la programu mkononi. Hakulijua kwa jina hilo tu.

Lakini kwanza fedha, maana hapo ndipo watu wengi wanajikwaa. Yeye ni mhasibu, nikamwomba achukue karatasi aandike gharama zote, asiishie kwenye ada. Alikuwa ameshafikiria treni: SGR ya Dar hadi Morogoro ilikuwa imeanza Juni hiyo hiyo, na nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi 26,000, mara siku 22 za masomo, ni 572,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 3,432,000, zaidi ya ada yenyewe. Akahamia hesabu ya chumba: 100,000 kwa mwezi, chakula na daladala 250,000, jumla 2,100,000 kwa miezi sita. Laptopu iliyotumika lakini yenye nguvu ya kutosha, 900,000. Na kwa kuwa darasa ni la kutwa, angeacha kazi: mshahara wa miezi sita, 4,500,000, ungepotea, na michango yake ya NSSF ingesimama.

Alijumlisha mwenyewe nikiwa kwenye simu. 10,100,000.

Kimya kilikuwa kirefu. Nikaongeza jambo moja: siku ya kupewa cheti si siku ya kuanza kazi. Ukiweka miezi sita mingine ya kutafuta, ni 4,500,000 tena. Tangazo lilisema milioni mbili na laki sita, na halikudanganya. Lilitaja bei ya darasa tu, likaacha gharama za dada mwenyewe.

Kisha tukafika kwenye ile asilimia. Tangazo lilidai zaidi ya asilimia 90 ya wahitimu wanapata kazi. Siwezi kusema darasa lile lilisema uongo, sijui hesabu zao. Lakini namba ya aina hii lazima ivuliwe koti. Asilimia 90 ya nani: ya wote walioanza, au ya waliobaki hadi mwisho? Waliokata tamaa mwezi wa tatu wamehesabiwa? "Kazi" maana yake ni ajira ya kuandika programu, au hata aliyerudi kwenye duka la shemeji yake? Aliyebakizwa na darasa lenyewe kama msaidizi wa mwalimu anaingia kundi gani? Marekani kuna shule ya programu iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Lambda School, baadaye ikaitwa BloomTech. Ilitangaza kwamba wahitimu wake wanaopata kazi ni kati ya asilimia 71 na 86. Mwaka 2024 mamlaka ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ya nchi ile ikaichukulia hatua, ikieleza kwamba hesabu za ndani za shule zilikuwa karibu na asilimia 50, na kwa baadhi ya madarasa chini zaidi. Haya yametokea kwenye nchi yenye sheria kali na waandishi wengi wa habari. Kwetu mwenye kuhakiki ni wewe.

Nikampa kazi: awapigie, awaombe namba za wahitimu watatu wa mwaka uliopita ambao kabla ya darasa walikuwa na familia na kazi nyingine. Nilisisitiza hilo. Kijana wa miaka 22 anayelala kwao na kula kwao, darasa lile lile kwake ni jambo jingine kabisa. Hana mshahara wa kupoteza, hana ada ya mtoto, akikosa kazi mwaka mzima anaendelea kuishi. Mpwa wangu alikuwa hivyo, nikamwambia alipe na aende, na sijajuta. Dada huyu alipewa namba mbili. Mmoja hakupokea. Wa pili, mama wa mtoto mmoja, alikuwa amepata kazi baada ya miezi tisa, na alisema wazi kwamba kilichomvusha ni mume mwenye ajira ya kudumu.

Akaniuliza pia kuhusu ChatGPT, kama itamaliza kazi zote kabla hajafika. Nilimjibu ninavyoona mimi, kama mtu aliye ndani ya kazi hii. Mlango wa wanaoanza ulishaanza kubana hata kabla ya hapo: mwaka 2019 Andela, kampuni iliyokuwa ikifundisha na kuajiri vijana wa programu Lagos, Nairobi na Kampala, iliwaachisha mamia ya wa ngazi ya chini kwa sababu wateja walitaka wenye uzoefu. Tangu Novemba 2022 ChatGPT ilipotoka, kazi ndogo ndogo ambazo tulikuwa tunampa mgeni ili ajifunze, kama ukurasa rahisi au fomu ya kujaza, mwenye uzoefu anazimaliza kwa dakika chache. Anayekuja na msimbo peke yake, yaani ujuzi wa kuandika programu bila kingine, anakuta foleni ndefu. Dada huyu angekuja na miaka 11 ya kujua fedha ya shule inavyotembea. Nilitaka asiitupe.

Kwa hiyo nikamwomba asilipe chochote kwanza. Wiki nne, saa moja kila siku, saa 11 alfajiri kabla watoto hawajaamka. Laptopu ya kuazima kwa mdogo wake. Lugha ya programu iwe Python, kwa sababu inasomeka na ina zana nyingi za kupanga takwimu, na angeifanyia kazi kwenye Google Colab, ukurasa wa mtandaoni wa kuandikia programu, ambako huhitaji kusakinisha kitu: bando tu na barua pepe. Masomo ya bure yapo. Chuo Kikuu cha Harvard kinatoa CS50, kozi yake ya utangulizi wa kompyuta, bure mtandaoni, na freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia programu, ipo tangu 2014. Mengi ni kwa Kiingereza, na hilo si dogo. Nilimwambia aandike daftari la maneno, kila neno jipya na maana yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. ChatGPT aitumie kuelezewa ujumbe wa kosa tu, si kuandikiwa.

Na asisome mifano ya vitabuni pekee. Achukue stetimenti ya Januari, aondoe majina ya wanafunzi na kuweka namba za usajili, afupishe namba za simu za wazazi, ndipo apakie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, hizo ni siri za watu.

Wiki ya kwanza aliichukia. Namba za simu zilionekana 2.55754E+11 ndani ya Excel, akadhani ameharibu faili la shule. Wiki ya pili ilikuwa nzuri. Tarehe 05/01 ilisomwa kama Mei mosi, kwa mpangilio wa Kimarekani, naye akaigundua mara moja: "Januari hatuwezi kuwa na malipo ya Mei, hata mwezi wenyewe ulikuwa haujafika." Pia alikuta muamala wa 850,000 ulioingia na kutoka siku hiyo hiyo. Mimi ningeuhesabu. Yeye alijua benki imeurudisha, akaandika kanuni ya kuifuta jozi ya namna hiyo. Nilifurahi sana siku hiyo.

Wiki ya tatu ndiyo iliyoamua mambo, kwa maoni yangu. Alikwama siku tatu kwenye mstari mmoja. Aliiambia programu ichukue safu ya "Tarehe", ikamjibu KeyError, yaani safu hiyo haipo. Na safu ipo, anaiona kwa macho. Alinitumia picha WhatsApp, nikaona tatizo, nikaamua kutomwambia. Nilimwandikia tu: "Inachokiona Python ndicho unachokiona wewe?" Siku ya tatu saa 11 na nusu alfajiri ikaingia sauti yake, ananong'ona ili asiamshe mtu. Aliiagiza Python ihesabu herufi za jina la safu. Tarehe ina herufi sita. Python ilihesabu saba. Benki ilikuwa imeacha nafasi tupu baada ya neno, mahali ambapo jicho halifiki. "Kaka, nafasi! Ni nafasi tu! Siku tatu!" Na alikuwa anacheka.

Nimewaona watu wenye akili kuliko sisi wote wawili wakiiacha kazi hii kwa sababu ya siku tatu za namna ile. Hawakuwa wavivu, kukwama kuliwaumiza kuliko kugundua kulivyowafurahisha. Na jambo hilo huwezi kulijua kwa kusoma tangazo, wala kwa kufaulu mtihani wa kujiunga. Unalijua ukiwa umekaa nalo alfajiri, chai imepoa.

Basi nikamwambia: unaona, huhitaji darasa, endelea hivi hivi. Hapo nilikosea.

Septemba ilikuwa na mitihani, ukaguzi wa hesabu, na mtoto mdogo aliugua malaria. Saa moja ya alfajiri ikawa nusu saa, kisha siku moja moja, kisha siku 11 mfululizo hakufungua laptopu. Nilipomuuliza aliona aibu, akaanza kunikwepa. Mimi nilijifunza peke yangu nikiwa na miaka 24, bila mtoto, na nikamhukumu kwa maisha yangu ya wakati ule. Masomo ya bure yana kila kitu isipokuwa mtu anayekungoja Jumamosi. Na yana pengo jingine: hakuna anayesoma ulichoandika. Msimbo wake ulikuwa unafanya kazi lakini ulikuwa mstari mmoja mrefu wa mambo 200, kila kanuni imenakiliwa mara nne. Kwenye simu sikuweza kumwonyesha.

Nikarudi kwake nikamwomba radhi, tukaanza upya swali la darasa, safari hii tukijua tunanunua nini. Maarifa anaweza kuyapata bure. Anachohitaji kulipia ni ratiba, wenzake, na mwalimu wa kukaa pembeni yake na kusema "hapa futa, andika hivi". Vitu hivyo havihitaji kutwa wala Dar es Salaam. Aliuliza uliza mjini na kupata darasa la Jumamosi, wanafunzi tisa, mwalimu anayeshughulika na mifumo siku za wiki. Miezi mitatu, 120,000 kwa mwezi, Python na SQL. Kabla ya kulipa alikaa darasani Jumamosi moja kama mgeni. Nilimwambia aangalie jambo moja: mwanafunzi akikwama, mwalimu anachukua kibodi na kumwandikia, au anamwachia? Yule mwalimu aliweka mikono mfukoni akauliza maswali. Akalipa.

Laptopu iliyotumika akaipata kwa 650,000, kwa kuwa kazi za takwimu zake hazikuhitaji ile ya laki tisa. Ukijumlisha na ada ya miezi mitatu ni 1,010,000, na mshahara uliendelea kuingia kila mwezi.

SQL ndiyo iliyomkaa vizuri, na haikunishangaza. Ni lugha ya kuuliza maswali kwenye majedwali, na mhasibu ameishi kwenye majedwali. Hata kuunganisha orodha ya wanafunzi na orodha ya malipo, jambo linalowasumbua wengi wa darasani kwake, alilielewa siku hiyo hiyo kwa sababu amelifanya kwa rula na kalamu ya kijani kwa miaka.

Januari 2025 shule ilipofunguliwa, programu yake ilipitia stetimenti kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai, ikabakiza mistari 37 isiyoeleweka, akina Neema wakiwemo. Hiyo aliimaliza kwa mkono Ijumaa ile ile kabla ya magharibi. Hakuna mtoto aliyerudishwa getini kimakosa.

Mkuu wa shule alimshukuru na hakumwongeza mshahara. Nalisema kwa sababu wengi hudhani ujuzi mpya unalipwa pale pale ulipo. Mara nyingi haulipwi. Aprili, kampuni moja ilikuja kuiuzia shule mfumo wa kukusanya ada. Yeye aliitwa kwenye kikao kama mhasibu, akauliza mfumo unafanya nini na muamala uliorudishwa na benki, na mzazi akilipia ndugu wawili kwa mara moja fedha zinagawanywaje. Mleta mfumo hakuwa na jibu. Wiki mbili baadaye bosi wa kampuni ile akampigia dada.

Alianza kazi kwao Julai, mshahara 850,000. Ni laki moja tu zaidi, na cheo chake ni msaidizi wa wateja, si mwandishi wa programu. Lakini kutwa nzima anaandika SQL, anachimba makosa ya malipo ya shule za watu, na kila Alhamisi anakaa na wale wanaoandika mfumo kuwaeleza kwa nini mhasibu wa Mvomero anakataa kuutumia. Amehama kazi bila kukosa mshahara wa mwezi hata mmoja. Mimi kwa umri wake na mzigo wake nisingethubutu kuomba zaidi ya hapo kwa mwaka mmoja.

Lile darasa la kutwa bado analifikiria. Kampuni imemdokezea kwamba mwaka ujao inaweza kumchangia nusu ya ada ya kozi ya jioni, ya kujenga mifumo yenyewe. Juzi akanitumia silabasi, amepigia mstari mada anazozijua tayari: tano kati ya kumi na mbili. Chini ameandika kwa kalamu ya kijani, "Kaka, hizi saba ndizo za kulipia. Tuzungumze Jumapili."